Sauti Chini ya Arusi

Je, umewahi kuona mtu mzima, mwenye pumzi zake, akifukiwa chini ya arusi?

Tausi alimwona. Ilikuwa Februari 1999, mchana kweupe, katika studio ya kanda za arusi mjini Thika, juu ya duka la magodoro. Watu walimjua kama karani tu. Chini ya buibui alibeba bastola ya Beretta, na mkobani redio ya Motorola.

Kaleli, fundi wa kuunganisha picha, alikuwa ameshuka kula chapati na madondo. Tausi akaketi kwenye kompyuta yake ya Macintosh.

Redio ikakoroma.

"Jembe kwa Sindano." Ni Musau, mkubwa wake. "Kaleli akitoka na diski, mfuate mpaka uwanja wa ndege. Tunataka bunduki za magendo. Dismas tumeshamtoa hesabuni."

Tausi akaiweka redio kando ya kibodi.

Dismas alikuwa jasusi mwenzake, mtu wa Busia, aliyenaswa na genge la bunduki hizo. Wakubwa wa genge hilo, walioko ng'ambo, walitaka kwanza kuuona uso wake kwenye diski ya Kaleli. Wakishauona, auawe.

Sasa, ile programu ya Premiere hupanga picha kwa mistari, mmoja juu ya mwingine, kama leso kabatini: unayoiona ni ya juu tu. Juu alikuwa bibi arusi, hina mpaka viwikoni, akina mama wanamtunza. Kando ya mstari kuna kijicho, alama ya kuuonyesha au kuuficha. Tausi akakifumba.

Bibi arusi akapotea.

Akabaki Dismas. Amefungwa nguzoni, jicho limevimba, mdomo wazi, anapiga ukelele usiosikika. Nyuma yake ukuta mtupu. Hakuna dirisha. Hakuna alama.

Akateremka kwenye mistari ya sauti. Akanyamazisha nyimbo. Akanyamazisha vigelegele. Wa mwisho Kaleli alikuwa ameushusha hadi chini kabisa, lakini hakuufuta. Tausi akavaa hedifoni, akaupandisha.

Sauti ya Dismas haikutoka. Kilichotoka ni chuma, kinakwaruza kama sufuria tupu inayosuguliwa kwa mchanga.

Akaijua. Alilelewa katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, mgongoni mwa mama mchumaji. Ile ni mashine ya kumenya kahawa. Ikipewa buni hunguruma kwa shibe. Hii ilizunguka na njaa yake. Na nani huiwasha Februari, mibuni ikiwa na maua matupu? Ni mtu anayefunika mayowe ya mwingine.

Akapiga simu kwa shangazi yake Benta, mwenye duka Ruiru. Akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za magoti, ndipo akauliza ni kiwanda gani kinafanya kazi mwezi huu.

"Ni hicho cha zamani, nyuma ya Membley," Benta akasema. "Kinalia tu, mwanangu, na hakuna buni hata moja. Sisi tunacheka, labda siku hizi wanamenya maua."

Tausi akakata simu, akageuka.

Kaleli alikuwa mlangoni, anapangusa mafuta ya chapati. Akaona bibi arusi hayupo kwenye kioo cha kompyuta. Mkono ukaenda kiunoni.

Kibodi ikampasua pua. Kitako cha Beretta kikamlaza. Tausi akamfunga kwa waya wa kamera, akachukua diski.

"Sindano kwa Jembe. Siendi uwanja wa ndege. Naenda kiwanda cha zamani cha kahawa, nyuma ya Membley."

"Rudia?"

Akaizima redio.

Peugeot 504 ikala lami mpaka Ruiru. Walinzi wawili wenye AK-47 hawakuisikia ikifika. Kelele ya mashine yao wenyewe iliwaziba masikio. Mmoja aligeuka. Amechelewa, Beretta ilikuwa imeshalia. Mwingine hakugeuka kabisa.

Tausi akavuta swichi. Mashine ikanyamaza.

Dismas aliendelea kupanua mdomo. Sauti ilikuwa imekwisha siku nyingi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwepo. Upande wa pili wa chumba, chini ya magunia, masanduku ya bunduki yalifika darini.

Musau alikuja na Land Rover ya askari. Akayatazama masanduku, kisha akaanza kufoka. Kwamba alimpa amri. Kwamba Tausi hakujua bunduki ziko hapa, angeharibu kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya maiti. Alikuwa anatafuta nini huku?

Tausi alimaliza kufunga ule mkono kwa mtandio wake. Akamwegemeza Dismas begani, akatembea naye taratibu kuelekea garini. Akampita mkubwa wake bila kusimama.

"Wewe ulitaka bunduki, mzee. Ziko humo," akasema. "Mimi nilimtaka huyu."