Mshono wa Mtu Mwingine

Walikutana mnadani, siku mnadi aliponadi friji kuukuu kwa sauti ya kuamsha wafu. Kifungo cha shati kilimfyatuka kifuani, kikamgonga shavuni fundi cherehani mwenye gauni la kijani. Fundi hakununa. Alichomoa sindano kwenye kola yake, akakishona palepale mnadi akiwa amesimama, akamwambia apunguze kelele au aongeze kitambaa.

Toka hapo mashati yake yote yakawa ya Fundi, na jioni zake zote pia, kwa simu za utani zisizoisha.

Halafu mnadi akaanza kuadimika. Akipigiwa anahema, anasingizia kazi, anakata. Siku alipopita dukani Fundi alimkumbatia, na vidole vyake vikagota ubavuni kwenye mshono usio wake. Shati lilikuwa limebanwa kwa uzi usiooana, ovyo ovyo. Wivu ulimpanda kichwani. Akamfukuza, aende kwa huyo anayemshonea. Mnadi aliondoka.

Aliyepiga simu baadaye ni dada yake mnadi. "Wifi, njoo hospitali. Amenikataza nisikwambie."

Alimkuta ameegemea mito, mpira wa hewa puani. Daktari alieleza kuwa ni saratani adimu ya misuli laini, yaani misuli inayofanya kazi bila mtu kuiamuru. Ilianzia kwenye pafu moja, sasa iko kwenye yote mawili. Upasuaji hauwezekani tena. Dawa itaichelewesha tu.

"Kwa nini ulipeleka mashati kwingine?" Fundi aliuliza.

"Wewe ungenipima, mpenzi. Ungejua siku ileile."

Fundi alilia, akamwita mjinga, akalia tena.

"Nataka kukuoa," mnadi alisema. "Ila hatutakaa sana."

Fundi alishusha utepe shingoni, akampima kifua. Akarudia, maana hakuamini. "Suti nashona mimi. Ukipungua, nabana mimi. Hakuna mwingine wa kukusogelea na sindano."

"Na nesi?"

Walicheka, hadi kikohozi kikamkatisha.

Ndoa ilifungwa wodini. Suti ilibanwa, ikabanwa tena. Alipofariki, Fundi aliifumua yote, akairudisha kwenye kipimo cha mwanamume aliyemkuta mnadani.

Kabla jeneza halijafungwa, wifi yake alinong'ona kwamba inampwaya mno.

"Iache," Fundi alisema. "Akianza kunadi huko, kifungo kisimruke. Mimi sipo wa kukishona."