Ijumaa ya Mtihani

Mwezi wa sita mwaka 2005, joto la Deira, mjini Dubai, lilikuwa limewaondoa watu barabarani na kuwasukuma madukani. Studio moja ya picha karibu na kituo cha mabasi cha Sabkha ilijaa hadi mlangoni: mafundi wa Kipakistani waliotaka picha za kadi za kazi, wasichana wa Kifilipino wa saluni, mama wa Kisudani na watoto wake watano. Mpiga picha aliita majina, akakata picha kwa mkasi, akazitia bahashani bila kuziangalia. "Yalla, yalla, anayefuata!"

Ummulkheir alichukua bahasha yake akatoka upesi. Alivaa abaya nyeusi yenye nakshi za fedha mikononi na mtandio wa zambarau. Hakufika mbali.

"Dada! Dada wa mtandio wa zambarau! Nisubiri, tafadhali!"

Aliyeita alikuwa kijana mrefu, shati la buluu la kazi limemganda mgongoni kwa jasho. Ndani ya studio alikuwa amemsikia Ummulkheir akizungumza Kiswahili kwenye simu.

"Umenichukua," alisema akihema.

"Nimekuchukua wapi? Mimi sikujui."

"Sura yangu, dada. Umeondoka na sura yangu, nakala nane. Mimi nimebaki na yako."

Ummulkheir alifungua bahasha. Uso uleule ulimtazama mara nane, umenuna kama mtu aliyefokewa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mbona umekasirika hivi?"

"Nimeambiwa nisicheke. Wewe umetabasamu. Waingereza watakukatalia viza."

"Nani kakwambia nakwenda Uingereza?"

"Kipimo cha picha. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, nimezoea kupima vitu."

Jina lake lilikuwa Shomari, mtu wa Tanga, karani wa ghala katika kampuni ya mizigo kule eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Ummulkheir alitoka Mombasa. Alikaa Deira kwa mama yake mdogo, Bi Mwatima, akiuza dawa kwenye duka la dawa, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia Manchester. Walirudi pamoja studio ili Ummulkheir apigwe picha upya, na safari hii, kila alipokaza uso mbele ya kamera, Shomari alimchekesha kutoka nyuma ya pazia. Mpiga picha alimfukuza nje.

Miezi mitatu iliyofuata walionana kila Ijumaa. Walikunywa juisi ya parachichi, wakatembea ndani ya maduka makubwa bila kununua kitu, mradi kuna baridi.

"Daktari wangu," Shomari alimwita.

"Si daktari. Mfamasia."

"Mimi nikiumwa nitakuja kwako, kwa hiyo ni daktari."

"Ukiumwa utaambiwa ukanywe maji, bwana wee."

Kwa Bi Mwatima hakupelekwa. "Bado," Ummulkheir alisema. "Mama atajua kwanza, kisha mama mdogo. Nikirudi likizo nitamwambia Mama." Shomari alikubali, na moyoni alishukuru, kwa kuwa alikuwa akilala chumba kimoja na wanaume watano na hakuwa na mlango wa kumkaribishia mtu.

Mwezi wa tisa Ummulkheir aliondoka.

Manchester ilimpokea kwa mvua nyembamba isiyokatika. Alipewa chumba katika jumba la wanafunzi: kitanda, meza, dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Jikoni walikuwa sita, kila mtu na rafu yake ndani ya friji na jina lake juu ya chupa ya maziwa. Kengele ya moto ililia kila wiki kwa sababu ya mkate wa mtu ulioungua, wakashuka wote na mataulo kichwani. Mwenzake wa chumba cha jirani alikuwa Agneta, Mtanzania wa Bukoba aliyesomea uhandisi. Yeye ndiye aliyemfundisha kupanda basi la bei nafuu la wanafunzi, kuvaa soksi mbili, na kwenda mtaa wa Rusholme kutafuta bamia na nyama ya halali.

Kila Ijumaa jioni Shomari alinunua kadi ya simu, akakwangua namba, akapiga.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula wali na mahindi ya kopo."

"Huo ni uhalifu. Na jua je?"

"Limepita saa sita, likaaga saa tisa. Shomari, hapa mwalimu anaitwa kwa jina lake! Nimemwita 'sir', darasa zima likacheka."

"Njoo huku kwetu, bosi ni arbab; ukimwita kwa jina lake utacheka peke yako uwanja wa ndege, unarudishwa kwenu."

Ummulkheir alikuwa akicheka sana siku hizo. Agneta alimsikia kupitia ukutani.

Mwezi wa tano mwaka 2006, Alhamisi saa kumi na moja jioni, Ummulkheir alikuwa maktaba akijisomea mtihani wa kesho yake wakati kaka yake alipopiga simu kutoka Mombasa. Alitoka nje kupokea. Mama alianguka bafuni baada ya adhuhuri. Alikuwa ameshazikwa.

Ummulkheir aliuliza maswali mawili. Nani alimwosha? Alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi? Kaka alijibu. Hakukuwa na la kufanya. Paspoti yake ilikuwa imetumwa idara ya uhamiaji kuongezewa muda, isingerudi kabla ya wiki sita, na hata angekuwa na mabawa asingewahi maziko. Alirudi maktaba. Kitabu kilikuwa wazi ukurasa uleule. Akasoma mpaka wakafunga.

Asubuhi alifanya mtihani. Aliandika kwa muda wa saa tatu bila kuinua kichwa. Baadaye matokeo yalionyesha kwamba alikuwa wa pili darasa zima.

Jioni ile, kama kila Ijumaa, simu ililia.

"Daktari! Kaa chini kabisa. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Nimepandishwa cheo! Msimamizi wa ghala zima! Na nimepata chumba, Ummu, chumba changu peke yangu, kule Qusais. Kina dirisha, kina jiko la kwake, mlango una funguo mbili. Funguo mbili, unanisikia? Moja ni yako. Sasa naweza kusimama mbele ya Mama. Mwambie mkwewe anakuja!"

Ummulkheir alifungua mdomo. Upande wa pili Shomari alikuwa akicheka, anapiga mlango mpya kwa kiganja ili asikie ulivyo mzito.

"Hongera," alisema.

"Hongera tu?"

"Nimechoka. Nilikuwa na mtihani."

Akaona atamwambia Ijumaa nyingine. Ijumaa nyingine ilipofika neno lilikuwa limekuwa zito zaidi, maana sasa angelazimika kueleza pia kwa nini alinyamaza. Ya tatu ikapita. Baada ya hapo hakuona hata haja. Hakuwa na huzuni aliyoijua. Hakulia hata siku moja. Alikwenda darasani, akarudi, akafua nguo kwenye mashine za sarafu chini ya jengo, akazitazama zikizunguka hadi zikasimama, akasahau kuzitoa. Agneta alimpikia ndizi, akala kwa adabu. Alipoulizwa zina ladha gani, alifikiri kidogo na hakupata jibu.

Shomari, kule Dubai, alisikia sauti ya mtu anayejibu kama afisa wa dirishani.

"Mwaka umeisha, na likizo huji?"

"Nina kazi kwenye duka la dawa."

"Mama anasemaje kuhusu sisi?"

Ummulkheir alifunga kitabu kilichokuwa mezani.

"Ummu, umemwambia Mama au hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa sababu gani? Umepata mwingine huko? Sema tu, mimi ni mwanaume, nitasikia."

"Fikiria unavyotaka."

"Basi khalas!" Shomari alikata simu. Alikaa kitandani akingoja ipigwe. Haikupigwa. Huko Manchester Ummulkheir aliweka simu mezani, akatafuta ndani yake mahali pa kuuma, hakupaona. Akalala kwa muda wa saa kumi na mbili.

Ilipita miezi saba. Shomari alichapa kazi, akanenepa kidogo, akaonyeshwa binti wa watu na rafiki zake, akakataa. Mwezi wa tatu mwaka 2007, Ijumaa moja baada ya sala, alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kwenda Deira kugonga mlango ambao hakuwahi kuugonga. Alitaka kujua jambo moja tu: kama ameshaolewa.

Bi Mwatima alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Wewe nani, mwanangu?"

"Naitwa Shomari, mama. Ni... nilikuwa rafiki wa Ummulkheir. Tulikosana. Nimekuja kuuliza hali yake."

"Hali?" Bi Mwatima alimkaribisha kiti. "Hali gani, baba? Tangu mamake afe, mtoto yule hacheki wala halii. Nikimpigia ananiambia 'niko sawa, mama mdogo.' Sawa, sawa, sawa. Mimi nilikwenda Mombasa matangani, yeye hakuweza."

Shomari hakumwelewa. "Mama yake amefariki?"

"Mwaka jana, mwezi wa tano. Alhamisi. Kesho yake mwenzio akaingia mtihani."

Shomari alihesabu Ijumaa kwa vidole mapajani mwake. Aliuona mlango wake mpya, akajisikia akiupiga kwa kiganja na kucheka. Bi Mwatima akaona kijana amefunika uso kwa kofia yake, akaenda kumletea maji.

Usiku huo hakuthubutu kupiga. Alituma ujumbe: *Nimejua leo habari za Mama. Nisamehe. Sikukusikiliza.* Jibu lilikuja baada ya siku mbili: *Ahsante.*

Ijumaa iliyofuata alipiga. Ummulkheir alipokea.

"Sitakuuliza kitu," Shomari alisema. "Nitakuambia ya ghalani, ukichoka ukate."

Hakukata. Aliiweka simu juu ya mto na kusikiliza habari za makontena ya matairi yaliyokwenda Kampala badala ya Kigali. Ikawa hivyo kila wiki. Mwezi wa sita Ummulkheir alisema, bila utangulizi, "Nitapita Dubai Jumatano. Siku mbili. Nakwenda Mombasa kumwona Mama."

Alhamisi Shomari alikaribishwa sebuleni kwa Bi Mwatima, mlango wazi, mwenyewe jikoni anakaanga viazi. Ummulkheir alikaa kwenye kochi mkabala naye. Alikuwa amekonda. Chini ya abaya alivaa suruali ya jinzi na raba za mvua, na ingawa nje palikuwa na joto la kuunguza, alikuwa na sweta ya kijivu.

"Ungeniambia," Shomari alisema.

"Ulikuwa na furaha."

"Ningeiacha."

"Ndiyo maana."

Mashine ya baridi ilinguruma. Ummulkheir alitazama mikono yake.

"Nikwambie ukweli, usikasirike. Sikupendi, Shomari. Sikuchukii pia. Nikikutazama nakuona vizuri, shati limepigwa pasi, umenyoa. Basi, yanaishia hapo. Na Mama vilevile. Naogopa kufika pale kaburini nisimame kama ninavyosimama kituo cha basi."

Shomari alitikisa kichwa taratibu. Kisha akatoa simu mfukoni, akapiga, palepale mbele yake, akazungumza na bosi wake.

"Sir, samahani kwa usumbufu. Naomba likizo ya msiba, na paspoti yangu iliyo ofisini kwako... Mama mkwe, sir... Hapana, sijaoa bado... Alifariki mwaka jana, sir. Mwezi wa tano." Akasikiliza. "Hapana, sir, mimi sinywi kabisa... Naomba siku saba... Tano? Shukran, sir. Tano zinatosha."

Jikoni mwiko ulianguka.

"Hukuniposa," Ummulkheir alisema.

"Nakuposa sasa."

"Sina jibu."

"Sikuomba la leo. Nimechelewa mwaka mzima kumzika mama yako, acha nimzike. Ukisimama kama uko kituo cha basi, nitasimama hapo."

Bi Mwatima alitokea mlangoni akijifuta mikono. "Utalala kwa mjomba wake Hamuza, si nyumbani kwao," alimwambia Shomari. "Nami nawapigia simu sasa hivi. Ummu, niseme anayekuja ni nani?"

Ummulkheir alifikiri. "Sema Shomari."

Kesho yake walikutana uwanja wa ndege. Foleni ilijaa akina mama wa Nairobi waliobeba mablanketi yaliyofungwa kwa kamba, na familia zilizopima masanduku upya na kuvaa majaketi mawili mawili. Shomari alikuja na begi dogo moja. Walisogea hatua kwa hatua. Dada wa kaunta, kope ndefu na kofia nyekundu, aliwatazama kwa zamu.

"Mnasafiri pamoja?"

Shomari alimwachia Ummulkheir ajibu.

"Ndiyo," Ummulkheir alisema. Alichukua paspoti ya Shomari mkononi mwake, akaiweka juu ya yake, akazisukuma zote mbili. "Pamoja. Tupe viti vilivyo karibu."

Walipotoka kaunta alitembea hatua chache, kisha akasimama katikati ya watu na mikokoteni.

"Angekusumbua," alisema. "Ungemwambia umetoka Tanga, angetaka majina ya ukoo mzima. Mama alikuwa..."

Neno lilimtoka, naye akalisikia. Alikuwa. Tangu Alhamisi ile ya maktaba hakuwahi kulitamka. Mdomo wake ulitetemeka, akaushika kwa vidole kama mtu asiyejua unafanya nini.

"Alikuwaje?" Shomari aliuliza, polepole.

Na Ummulkheir, mbele ya lango la abiria, huku ndege yao ikitangazwa kwa lugha tatu, alianza kulia kwa sauti.