Mabakuli ya Mahindi ya Bibi Chiu

Asubuhi ile nilikuwa nachimba viazi vitamu nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya figili. Ghafla jembe likagonga kitu. Nikadhani ni jiwe, nikainama nikalivuta. Lilikuwa bakuli jeupe, zima kabisa, na kijiko ndani yake.

"Bibi! Hili si lile la mwaka jana?"

"Haiwezekani, Su-ching. Nililifukia mwenyewe. Ni la mahindi. Ardhi imeshalila zamani."

"Basi ardhi yetu haina meno."

Nikachimba tena. Likatoka la pili, la tatu, hadi la nane. Niliosha moja bombani, na nasema kweli, ungeweza kupakulia mgeni supu.

Kila mwaka katika mwezi wa tatu, Mazu, mungu mama wa bahari, hupita kijijini kwetu akiwa amebebwa kwenye machela yake. Maelfu ya mahujaji humfuata kwa miguu siku nyingi, na sisi wa njiani huwalisha bure. Meza yetu hutoa tambi za mchele na supu ya figili. Baba alipokuwa na miaka mitatu, alishikwa na homa hata waganga wakakata tamaa. Bibi alipiga magoti mbele ya Mazu akasema, "Mwanangu akipona, nitawalisha watu wako kila mwaka mpaka mikono yangu ishindwe." Baba akapona. Sasa ana kitambi. Bibi ana miaka themanini na moja, na hajawahi kukosa hata mwaka mmoja.

Mwaka jana alinunua mabakuli yaliyoandikwa kwamba yametokana na mahindi. Aliyaringia mno! Alisimama barabarani akiwapigia mahujaji kelele, "Kuleni, kisha tupeni popote! Mahindi hayo!" Na wao, watu wa adabu, wakamtii.

Mchana wa siku ile ile ya viazi, Mjomba Hsieh alifika na pikipiki yake. Yeye ni jirani yetu, mwenye shamba la mpunga ng'ambo ya barabara. Alikuwa na gunia. Akalimwaga katikati ya uwanja wetu: mabakuli, mabakuli, matope, na mabakuli.

"Shangazi Chiu, nakuheshimu," alisema, na uso wake ulikuwa mwekundu. "Lakini haya yamejazana chini ya daraja la mfereji wangu mwaka mzima. Maji hayapiti. Mistari minne ya miche imekauka!"

"Mjomba, samahani sana," nikasema.

"Samahani haimwagilii mpunga. Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji, naye amekubali. Likionekana bakuli moja mferejini safari hii, meza yenu haitawekwa tena barabarani."

Bibi akaweka kisu chini. "Na nadhiri yangu?"

Mjomba Hsieh akatazama viatu vyake. "Kwa Mazu nitajieleza mwenyewe." Akapanda pikipiki akaondoka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Mazu apite. Bibi hakula chakula cha jioni, na mtu asiyejua hamu yake ya kula hawezi kuelewa jinsi tulivyoogopa.

Kesho yake nilimwita rafiki yangu Pi-hsia. Anafanya kazi kwenye kituo cha mboji cha wilaya, na hanuki hata kidogo, ingawa Baba humtania kwamba ananuka. Aliligeuzageuza lile bakuli.

"Bibi, hukudanganywa. Ni la mahindi kweli."

"Sasa mbona haliozi?"

"Kwa sababu kiwandani mahindi yamegeuzwa kuwa plastiki. Plastiki hii huoza ikipata joto kali, unyevu na vijidudu kwa majuma mengi mfululizo. Lundo letu kituoni lina joto ambalo mkono hauvumilii. Udongo wa shamba lako ni baridi kwake. Na mabakuli mengine huchanganywa na plastiki ya kawaida. Hayo hata kwetu hayaozi."

"Kumbe mahindi yamebadili ukoo!"

"Ndiyo hivyo. Usiulize tu limetokana na nini. Uliza litaozea wapi, na kwa muda gani."

Pi-hsia alikuwa amekuja na mabakuli mengine matatu. Akampa Bibi la karatasi. "Lichane."

Bibi akalichana polepole. Ndani ukabaki utando mwembamba, kama ngozi ya kitunguu.

"Huo ni plastiki. Unazuia supu isivuje. Karatasi itaoza, utando utabaki. Sasa chana hili."

Hili lilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Lilipochanika lilitoa nyuzi nyuzi, na hapakuwa na utando.

"Makapi ya miwa," akasema Pi-hsia. "Sukari imekamuliwa, haya ndiyo yaliyobaki. Lakini muulize muuzaji kila mara, maana kuna wanaoyapaka plastiki juu."

"Litavuja!" Baba akadai.

"Lete supu," Bibi akaamuru.

Tukaleta supu ya figili inayochemka, tukaimimina kwenye la pili la miwa. Tukaizunguka meza wote wanne, tukalikodolea macho bakuli kana kwamba linataka kuota mbawa. Dakika kumi. Dakika ishirini. Chini lilitoa jasho kidogo, basi. Baba akainywa supu yote.

Kisha tukaagiza mabakuli ya miwa, na tukafukia vipande karibu na bomba, vya mahindi kulia, vya miwa kushoto. Siku ya kumi Bibi alikuwa wa kwanza kuchimba. Vya mahindi vilimeremeta. Vya miwa vilikuwa vimeota ukungu, vikakatika vidoleni mwake kama mkate uliolowa.

"Vinakufa! Vinakufa!" alipiga kelele, akicheza na matope mkononi. "Basi mwaka huu watupe popote!"

"Bibi, hapana!" Pi-hsia karibu aanguke. "Kuoza si kutoweka. Mferejini bakuli litakaa majuma mengi, na litaziba maji kabla halijaoza. Yakusanyeni yote. Mabaki ya chakula yaende ndoo ya nguruwe, mabakuli matupu nitayachukua mimi. Na bakuli zuri kuliko yote ni lile lisilotupwa."

Bibi akafikiri. "Basi mwenye bakuli lake atapakuliwa kwanza."

Siku ikafika. Fataki zililia, ngoma zikalia, watu wakapiga magoti barabarani ili machela ipite juu ya vichwa vyao na kuwapa baraka. Mimi nililia pia, kama kila mwaka. Bibi alishika kipaza sauti.

"Mwenye bakuli lake, mbele! Asiye nalo, chukua la miwa, ukimaliza lete kapuni! Ukitupa mferejini Mazu atakuona, na mimi nina macho kuliko yeye!"

Watu walicheka, lakini walitii. Wengi walitoa mabakuli ya chuma mikobani. Mzee mmoja alikula tambi kwenye mfuniko wa chupa ya chai, akarudi mara tatu. Baba alipakua bila kupumzika. Makapu matatu yalijaa mabakuli ya miwa.

Kesho yake Mjomba Hsieh alitembea mfereji mzima na ufito wake wa mwanzi. Sisi tulisimama barabarani, na Bibi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Mjomba alirudi na kofia moja ya hujaji.

"Hii si bakuli," Bibi akasema haraka.

"Naona, Shangazi." Akaenda zake, nasi tukabaki hatujui kama tumesamehewa.

Baada ya miezi miwili Pi-hsia alituletea gunia la mboji, nyeusi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mabakuli yetu yalikuwa humo ndani. Bibi alipekua kwa mikono yote miwili akitafuta japo kipande. Hakukiona. Akanisukuma twende naye, tukalipeleka gunia kwa Mjomba Hsieh.

Naye akapekua, akanusa, akapekua tena.

"Yote yameisha humu?"

"Yote," Bibi akajibu. "Ni yako. Ni kwa ajili ya mistari minne."

Mjomba Hsieh akafuta mikono kwenye suruali. Akatazama uwanja wake mpana ulio kando ya barabara.

"Shangazi, mwakani weka meza hapa kwangu," akasema. "Supu nitapakua mimi."