Sindano Aliyochomwa Veneranda

Kila asubuhi Veneranda aliteka maji, akafagia uwanja wa mama yake mdogo, Scola, pale Rusimbi kando ya ziwa, kisha akaenda shule peke yake. Zamani alikuwa akiongozana na rafiki yake Wema. Sasa Wema alipita upande wa pili wa barabara, macho ameyaelekeza ziwani.

Yote yalianzia kwenye chanjo. Wauguzi walipokuja kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, uvumi ulienea darasa zima la sita kwamba ile ni dawa ya uzazi wa mpango, na atakayechomwa hatazaa kamwe. Wengine walijificha chooni, wengine wakasingizia homa. Ni Veneranda pekee aliyenyoosha mkono.

"Mgumba huyo," walinong'ona. Dawati la watu watatu akabaki nalo peke yake. Wakati wa mapumziko alikula muhogo wake nyuma ya darasa, daftari magotini, akijifanya anasoma.

"Mbona Wema haji siku hizi?" Scola alimwuliza.

"Ana kazi nyingi kwao, mama mdogo."

Baada ya wiki mbili, mmoja wa wauguzi wale, Dorotea, alirudi darasani kwa ajili ya waliokosa chanjo.

"Mnakimbia nini, wanangu?"

"Hiyo si ndiyo kama njiti wanayowekwa akina mama mkononi?" Wema alisema. "Hatutaki kuwa wagumba."

"Hapana. Njiti huchaguliwa na mtu mzima anayetaka kupumzika kuzaa, na akiitoa anaweza kupata mimba. Lakini haizuii virusi. Chanjo hii inazuia virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wala haizuii uzazi."

Wasichana walitazamana, wakacheka chini chini. Hapo Veneranda akasimama.

"Mama yangu alikuwa na njiti. Alidhani inamkinga na kila kitu. Damu ilipoanza kumtoka ovyo, akasema ni njiti tu. Alipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa." Akawatazama wenzake. "Niliwaambia alikufa kwa malaria. Niliwadanganya. Niliona aibu. Shuka zake nilizifua mimi."

Wema akakunja mkono wa sare yake na kwenda mbele. Alipochomwa hakurudi kwenye dawati lake. Alikwenda kuketi karibu na Veneranda, pamba bado ameibana begani.

"Nisamehe kwa kukuacha peke yako wiki hizi mbili," alisema.

Veneranda alisogea kumpa nafasi.

Mmoja mmoja, wengine wakapanga mstari. Dorotea alipomaliza, alifunga sanduku lake la chanjo, akawageukia.

"Mama wa mwenzenu hakukosea kuchagua njiti. Alikosa mtu wa kumweleza kazi yake inaishia wapi. Basi mkisikia jambo kuhusu miili yenu, mwulizeni anayelijua kabla hamjalisambaza. Na mkiwa watu wazima nendeni mkapimwe saratani hiyo hata kama hamuumwi, maana chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo. Mmemwacha mwenzenu peke yake wiki mbili kwa neno ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelihakikisha."