Maji ya Waya wa Ardhini

Ekseli ya nyuma ilikatika saa sita mchana, gari likaserereka mpaka korongoni na kulalia ubavu. Dumu la maji lilipasuka hapo hapo. Mchanga wa bonde la Momba, mwezi wa kumi mwaka 1994, ulikuwa umeyanywa yote kabla Anania hajafungua mlango.

Walikuwa watatu: Anania, dereva wa zahanati, Restuta, muuguzi, na Luhende, mfugaji aliyechomwa pembe pajani na fahali wake mwenyewe. Walikuwa wakimkimbiza hospitali, kule juu Mbozi. Sasa walibakiwa na chupa moja ya maji, na Restuta alishasema kuwa hayo ni ya mgonjwa.

Tumaini likabaki kwenye redio ya upepo waliyokuwa nayo garini, ya kuzungumzia na hospitali. Anania aliiunga kwenye betri ya gari, akauvuta waya mrefu wa antena mpaka juu ya mgunga, kisha akapigilia wili spana, ile ya kufungulia magurudumu, mchangani na kuifungia waya wa ardhini. Saa kumi jioni sauti ya Loisi, mhudumu wa redio wa hospitali, ilisikika safi, akiita zahanati moja baada ya nyingine. Anania aliitikia mpaka koo likamkauka. Loisi hakusikia kitu. Kipaza sauti kilimuunguza Anania midomo kwa umeme uliokosa pa kwenda.

Asubuhi paja la Luhende lilikuwa limevimba na kunuka. Restuta alimlowesha midomo, akaufunga mfuniko haraka.

"Hiyo redio inakosa nini?" Luhende aliuliza.

"Ardhi, mzee. Mchanga huu mkavu mno, haupokei umeme. Unataka unyevunyevu na chumvi. Mkojo nimeshajaribu, yametoka matone matatu."

Luhende alicheka, maumivu yakamkatisha. "Ninyi watu wa milimani mna shida. Pale penye miba ni zizi langu la mwaka juzi. Ng'ombe mia mbili, bhana, wamekojoa pale kiangazi kizima!"

Walimbeba yeye kwanza, maana hakuna aliyekuwa na roho ya kumwacha peke yake. Wakarudia redio, betri na waya. Spana ilizama kwenye samadi mpaka shingoni. Saa nne, Loisi alipoanza kuita, Anania alibonyeza. Sindano ya redio, inayopima nguvu ya kurusha sauti, ikapanda nusu, ikagoma.

"Kuna mtu anaita, sikupati. Rudia, ova."

"Maji," Anania alisema, bila kumtazama Restuta.

"Hapana! Huyu ana homa, ameshakauka. Nikimnyima namuua kwa mkono wangu."

Luhende alinyoosha mkono, akapewa chupa. Aliishika kifuani muda mrefu, na kiu yake ilionekana wazi usoni. Kisha akairudisha. "Nikiyanywa tutakufa wote, dada, na mimi nitawatangulia. Mwaga."

Restuta aliyamwaga mwenyewe, polepole, kuizunguka spana, huku akilia. Aliona uchungu kuliko siku zote za kazi yake. Sindano ikapanda mpaka mwisho.

"Zahanati, sasa nawapata vizuri. Mko wapi? Ova."

Gari la kuwachukua lilihitaji siku nzima kushuka. Luhende aliita maji mara mbili jioni ile, halafu hakuita tena. Alikata roho kulipopambazuka. Saa tatu vumbi likaonekana, na kwenye gari alikuwemo Ngolo, mdogo wake Luhende, aliyechukuliwa njiani ili aonyeshe njia. Walipewa maji. Anania alikunywa, akatapika, akanywa tena. Restuta alishika kikombe bila kukigusisha mdomoni.

Ngolo alipiga magoti kando ya kaka yake. "Maji alikunywa?"

Restuta angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemlaumu. "Hapana. Alisema tuyamwage, redio isikike."

"Mliyamwaga wapi?"

Anania alimwonyesha. Ngolo alilitambua zizi la kaka yake.

"Basi tusimpeleke popote. Kwetu mwenye ng'ombe anazikwa zizini. Nipeni jembe."

Anania aliing'oa spana mwenyewe kupisha kaburi. Ncha yake ilikuwa bado mbichi.