Mgeni wa Tovuti ya Kwaya

Haya yalimpata rafiki yangu Peniel, fundi wa kompyuta pale Singida mjini, mwaka aliomzika mkewe. Seva yake ilibeba tovuti tatu: ya zahanati, ya wakamuaji wa alizeti, na ya kwaya, ambayo marehemu Eliana aliitengeneza mwenyewe.

Alasiri moja Shukuru, mdogo wa Eliana, alipita. "Shemeji, hii ya kwaya anaifungua nani? Kuku? Tuifunge tu."

"Ngoja kwanza niwaone wageni wake."

Kumbukumbu za wageni wa tovuti zote zilikuwa zikichanganyika, kwa hiyo Peniel aliielekeza seva iandike jina la tovuti mwanzoni mwa kila mstari. Nje upepo ulipandisha vumbi. Shukuru akafunga madirisha, chumba kikawa giza, ikabaki sauti ya feni.

Mistari ikaanza kushuka. Mgeni mmoja alifungua zahanati, akaenda alizeti, akaishia kwaya, kwenye picha ya harusi ya Peniel. Ndivyo Eliana alivyozikagua kila asubuhi. Kitamu huliwa mwisho, alikuwa akisema.

"Anaingilia wapi?" Shukuru aliuliza kwa sauti ndogo.

Anwani ilikuwa ya kompyuta ya Eliana, chumba cha pili. Huko vitufe vilisikika vikibonyezwa taratibu, kwa vidole viwili.

Peniel akafungua mlango. Kompyuta ilikuwa chini ya kanga, kama walivyoifunika siku ya kuanua matanga, waya wake umeviringishwa juu.

Nyuma yake Shukuru aliita, "Shemeji, ameifungua tena picha yenu."