Mkosoaji Asiyeona Mwisho

Jumatano hiyo foleni ya sinema ilifika mpaka kwenye ngazi za duka la viatu la jirani, na kila aliyekuwamo alikuwa na haraka zake. Mlangoni alisimama mkagua tiketi, binti wa sare nyekundu yenye vifungo vya shaba, nywele kazibana kisogoni. Alikuwa akichana tiketi bila kuinua macho, mpaka akapokea moja iliyolainika kama kitambaa, inanukia sabuni.

"Hii umeifua?"

"Ilikuwa mfukoni mwa shati, afande," mwanamume akajibu. "Mimi ni dobi wa hospitali. Mkononi mwangu kila kitu kinafuliwa."

"Namba ya kiti haisomeki."

"Basi nipangie wewe. Popote, ilimradi nikuone."

Binti alibana kicheko, akashindwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wao, na mwanzo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuja kwenye mwisho, kama tutakavyoona.

Dobi alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, anakosoa filamu. Hakuna aliyemsomesha kazi hiyo wala kumtuma. Alikuwa na maoni tu, na maoni hayana leseni. Watu elfu tatu walimfuata. Filamu ya vita aliiandikia hivi: "Shujaa amepigana siku tatu kwenye matope na kola ya shati bado nyeupe. Mengine nimesamehe, hilo hapana." Ya kutisha: "Jini lenyewe lina haya. Limetokea mara mbili tu, tena limetupa kisogo." Ya kuchekesha: "Nilicheka mara moja, jirani aliponikanyaga akaniomba radhi kwa Kiingereza." Mkagua tiketi aliyasoma hayo kwenye basi akicheka peke yake, na abiria wakamtazama.

Baada ya miezi mitatu dobi akasema anataka kwenda kwao binti kujitambulisha. Binti akaomba apewe mpaka Jumapili ya wiki iliyofuata afikirie. Alikuwa na sababu. Mchumba wake wa kwanza alikuja kugundulika ana mke na watoto wawili mtaa wa pili, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na ung'ongo alikuwa ameuona. Kila Jumatano, saa kumi na moja na nusu, dobi alitoka ukumbini mbio kuwahi zamu ya jioni, filamu ikiwa imebakiza dakika ishirini. Hilo halikuwa na neno. Lakini Alhamisi asubuhi aliandika mwisho wa filamu wote, hata rangi ya koti la muuaji.

"Mpenzi, mwisho uliuona lini?" binti alimuuliza wakinywa chai mgahawani.

"Nilirudi siku nyingine."

"Siku gani?"

"Afande, sasa umeanza kukagua na chai?"

Binti alicheka, lakini moyoni hakucheka. Alisimama kwenye mlango ule siku sita za wiki, na ya saba sinema ilifungwa. Dobi hakuwahi kurudi hata mara moja. Kwa nini adanganye jambo dogo hivyo?

Simu ya dobi ikaita. Kwenye kioo likatokea jina moja: Mwisho. Akainyakua, akageukia dirisha.

"Ndiyo, malkia wangu... Polepole. Akalia? Halafu akamshika mkono?... Ningekuwa wapi bila wewe!"

"Nani huyo?" binti akauliza.

"Mtu wa kazi tu."

Mchana ule binti alimfuata shangazi yake, dada wa baba aliyemlea, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi pale. Shangazi alikuwa mfagiaji wa ukumbi. Aliposikia habari ya simu, fagio lilimponyoka.

"Mwanangu, usichimbe sana. Labda kweli ni mtu wa kazi."

"Mtu wa kazi anaitwa malkia?"

"Malkia wako wengi. Hata nyuki wana wao," shangazi akasema, akainama kuokota fagio, akakaa huko chini muda mrefu kuliko fagio lilivyohitaji.

Wiki iliyofuata ikaja filamu ya mapenzi. Inaisha vibaya: mwanamke anapanda treni peke yake, mwanamume anabaki stesheni na masanduku mawili. Binti alikwishauchungulia mwisho huo mara tatu. Alhamisi akafungua ukurasa wa dobi, akasoma: "Harusi ya mwisho imenitoa machozi. Gauni jeupe pe, doa hakuna. Hatimaye filamu inayojua kufua."

Wasomaji walimrarua. "Harusi ipi, kaka?" "Ulikuwa umelala?" Binti akapiga simu.

"Jana ulikuwa sinema gani?"

"Kwenu. Si ulinichania tiketi mwenyewe?"

"Harusi umeiona wapi? Na umeiona na nani?"

Upande wa pili pasi iliwekwa chini.

"Mwisho ni nani?"

"Mpenzi, nimeapa nisimtaje. Niamini tu."

"Nilishaamini mtu mmoja, ikanitosha. Jumapili usije."

Alikata, akaketi kwenye ngazi za ukumbi mtupu, akalia. Alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomuuma. Shangazi alifagia safu mbili, ya tatu ikamshinda. Akatoa simu kwenye aproni.

"Malkia ni mimi."

"Nini?"

"Miezi miwili sasa. Mimi nasimama mlangoni na fagio nikingoja taa ziwake, miisho yote naiona. Namsimulia, naye ananisomea wanayosema wasomaji. Watu elfu tatu, mwanangu, wanasoma miisho yangu! Nilimwapisha asinitaje. Meneja akijua napiga simu ukumbini, kazi sina."

"Na harusi?"

Shangazi akatazama viti. "Filamu ikiisha vibaya watu wanaacha tishu zimeloa chini ya kila kiti. Nimechoka kuokota machozi ya watu. Wale wawili wanapendana, wanaachana kwa lipi? Nikawaozesha."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia.

Jumamosi dobi alikuja bila kuitwa, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inakata.

"Unatoka saa ngapi leo?" binti akamuuliza, akiichana tiketi polepole.

"Nimebadilishana zamu. Leo natoka ukinitoa."

Dakika za mwisho binti aliingia, akaketi kando yake. Treni iliondoka. Dobi akatazama masanduku mawili, akafuta macho kwa kola yake mwenyewe. Taa zikawaka, watu wakatoka, yeye akabaki.

"Filamu imekwisha, kaka. Tunafagia," binti akamwambia.

"Shangazi yako amenipigia, najua umeshajua. Yeye nilimwapia. Lakini ile ya kurudi siku nyingine nilikudanganya mimi," akasema. "Niliona aibu. Mkosoaji asiyeona mwisho! Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekusimulia. Mlangoni pale si nipo?"

"Na ningeandika ukweli," dobi akasema kwa unyonge.

"Kesho saa nne, uje kwetu na mtu wa kukusemea. Ukiondoka kabla ya mwisho, usirudi."

Alikuja na kaka yake mkubwa. Binti aliketi pembeni kwa gauni la kijani, jicho moja kwa baba, jingine kwenye saa ya ukutani. Saa sita ikapita, dobi hajainuka. Ghafla simu yake ikaita mezani. Mwisho. Baba akakunja uso. Binti akaichukua yeye.

"Mwanangu," shangazi alinong'ona kutoka jikoni, "huku sufuria zinapiga kelele, sisikii kitu. Kaka yangu amekubali?"

Binti akamtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa, mara moja, kisha akaagiza chai nyingine.

"Wape wasomaji wako, shangazi," binti akasema. "Harusi ipo. Na hii hukuitunga wewe."